Sura ya Saba: Kamba na Amana

Katika sura zilizotangulia nimesema juu ya matairi, mafuta na breki, mambo ambayo mwenye gari huyatengeneza akiwa na wasaa, akili yake imetulia na mfuko wake hautishwi na mtu. Sura hii ni ya jambo ambalo aghalabu humfikia msafiri katika saa ambayo wasaa hana, utulivu hana, na mfuko wake umo katika rehema ya mwingine, yaani saa ya gari kugoma katikati ya njia, jua limekuchwa, watoto wanalilia maji, na mtu asiyemjua amesimama mbele yake na kamba begani, anangoja neno moja tu ili aifunge. Neno lenyewe ni "vuta". Hakuna neno jepesi kulitamka kuliko hilo katika safari yote, nami nililitamka siku moja kwa pupa, nikalilipia miezi minne.

Siku hiyo nilikuwa nikitoka Tanga kwenda Dar es Salaam pamoja na mke wangu na wajukuu wetu wawili, katika gari dogo la Kijapani la otomatiki, mojawapo ya hayo yanayoteremka kwa wingi katika bandari zetu yakiwa yamekwisha kutumika kwa wenyewe. Nasi tulipokuwa tumeiacha Segera nyuma na bado hatujaifikia Mkata, mshale wa joto ulipanda, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nililiacha gari lijikokote mpaka ukingoni, nikashuka, nikafungua boneti kama tufanyavyo wanaume wote, hata sisi ambao yaliyomo ndani yake hatuyajui, nikasimama nikiutazama mvuke uliokuwa ukifoka katika mpira wa rejeta uliopasuka. Magharibi ilikuwa inaingia. Malori yalipita yakitutikisa kwa upepo wake, na mke wangu, ambaye busara yake hunitangulia daima, aliwateremsha watoto akawaketisha mbali na lami, chini ya mwembe.

Hazikupita dakika kumi ikaja pikapu moja, wakashuka vijana wawili wachangamfu, wenye shikamoo na pole nyingi. Mmoja wao alilizunguka gari mara moja, akasema, "Mzee wangu, hapa si pahali pa kulala na wajukuu. Tutawavuta mpaka Segera, pale kuna fundi ni ndugu yangu kabisa."

"Kwa kiasi gani, mwanangu?" nikauliza.

"Laki mbili na nusu, mzee. Ukiona nyingi, sisi tuna safari yetu."

Nilitazama giza, nikatazama watoto, nikalisema lile neno. Kijana hakuuliza gari lilikuwa la gia za namna gani, hakuuliza limekufa kwa sababu gani, wala hakutafuta pete ya kuvutia. Alilala chali nusu dakika, akafunga kamba katika chuma cha kwanza kilichomjia mkononi, akawapandisha mke wangu na watoto katika pikapu, akaniambia nishike usukani. Usukani ulikuwa mzito na breki zilikuwa ngumu kama jiwe, kwa sababu injini iliyolala haimsaidii dereva kugeuza wala kusimama. Kila pikapu ilipopunguza mwendo kamba ililegea, na kila ilipoongeza ilikazika kwa kishindo cha kugonganisha meno. Tulipofika palikuwa na harufu ya mafuta yaliyoungua. Mpira wa rejeta, ambao ndio uliokuwa asili ya msiba wote, ulinunuliwa asubuhi kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Giaboksi, ambayo ilitoka Tanga nzima bila ya ila yoyote, ilikula akiba yangu ya miezi minne.

Simtaji kijana yule ili nimlaani. Kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa lake, kwa kuwa mimi niliyekuwa na siku zote za mwaka za kumtafuta mtu wa kunivuta nilingoja kumchagua katika dakika ambayo uchaguzi umekwisha kuniponyoka. Mfa maji haachi kutapatapa, nasi hatumlaumu kwa kutapatapa kwake. Tunamlaumu kwa kuwa aliyaona mawingu asubuhi akaingia chomboni pasipo kuuliza habari za nahodha.

Watu wa bahari waliijua hali hii kabla yetu sisi watu wa lami. Katika bandari ya Holyhead, huko Wales, merikebu mbili, Port Caledonia na Anna, zilikuwa zimetia nanga katika hali mbaya ya hewa, na ya kwanza ikaanza kuburura nanga yake ikiiendea ya pili. Ikaja stima ndogo ya kuvuta, na nahodha wake, badala ya kutupa kamba, alitaja bei kwanza: pauni elfu moja, au hakuna kamba. Alikubaliwa, maana mtu anayeiona merikebu yake inakwenda kuvunjika hana ulimi wa kukataa. Lakini shauri lilipoamuliwa mahakamani, mwaka 1903, hakimu aliyatangua mapatano yale kwa kuwa hayakuwa na insafu, akaamuru mvutaji alipwe pauni 200. Hukumu hiyo ni njema, na ila yake ni moja tu, kwamba njia ya Segera haina mahakama ya bahari, na usiku haina hakimu wa namna yoyote. Mwenye gari hana budi kuichukua mahakama yake pamoja naye, nayo ni maarifa na mapatano aliyoyaweka tayari kabla ya kuondoka nyumbani.

Nimeiita sura hii kwa jina la kamba na la amana pamoja, kwa sababu kuvuta gari si kazi ya nguvu peke yake. Kinyozi hufanya kazi yake huku kioo kikikuonyesha kila anachokata. Mvutaji huichukua mali yako, ambayo kwa wengi wetu ni mali kubwa kuliko zote baada ya nyumba, akaondoka nayo pamoja na vilivyomo, nguo, hati, redio, tairi ya akiba na mafuta ya tangi, akavifikisha pahali ambapo pengine wewe utafika kesho. Wanazuoni wa fikihi walilijadili kwa karne nyingi swali la ajiri anayewafanyia kazi watu wote, kama vile dobi na mshoni: kitu kikipotea au kikiharibika mikononi mwake bila ya uzembe kuonekana, je, yeye ni amini asiyelipa, au ni mdhamini alipaye? Wako waliosema ni amini, na mwenye mali avumilie. Wako waliosema alipe, kwa kuwa watu hawana budi na mafundi, na mafundi wakiachwa hivi hivi mali za watu zitapotea. Walakini pande zote mbili hazikuhitilafiana katika hili, kwamba aliyefanya taksiri hulipa. Basi kazi ya mwenye gari imegawanyika mara mbili: kumpata mtu ambaye si mwepesi wa taksiri, na kuweka mapema dalili za hali ya mali ilivyokuwa, ili taksiri ikitokea isipate pa kujificha.

Ili umjue mvutaji mzuri, yakupasa kwanza uijue kazi yenyewe kidogo. Ni kazi changa. Husimuliwa kwamba mwaka 1916, katika mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, Marekani, mwenye gereji aitwaye Ernest Holmes aliitwa kumsaidia rafiki yake ambaye gari lake, Ford la Model T, lilikuwa limetumbukia kijitoni. Likatolewa kwa mikono ya watu, kamba na magogo, kwa jasho la saa nyingi, na kutokana na uchovu wa siku ile Holmes alifikiri, akaunda chombo cha nguzo tatu, mnyororo na kapi, lile lile kapi ambalo mabaharia wetu wamelipandishia matanga tangu zama za majahazi, akakifunga juu ya gari la Cadillac la mwaka 1913. Mji ule umejenga makumbusho ya kazi hiyo, na wasafiri wa dunia nzima wanaishi katika kivuli cha kijito kile, ijapokuwa hawalijui jina lake.

Tangu siku zile njia za kulihamisha gari lililokufa zimekuwa tatu. Ya kwanza ni kamba au mnyororo, gari moja likilikokota jingine kwa magurudumu yote manne. Ni njia ya masafa mafupi, ya mchana, ya gari la gia za mkono lililowekwa gia huru, ufunguo ukiwa umefunguliwa ili usukani usijifunge, na dereva aliye nyuma akijua kwamba breki zake zitataka nguvu za miguu miwili. Ya pili ni kulinyanyua gari kwa ncha moja na kuiacha nyingine ibingirike. Hapo lazima inyanyuliwe ncha yenye magurudumu yanayoendeshwa na injini, mbele kwa gari linalovuta mbele, nyuma kwa gari linalosukuma nyuma, au kama haiwezekani, propela shafti ifunguliwe kwanza. Ya tatu ni kulipandisha gari zima kwa winchi juu ya jukwaa bapa, lisiguse lami hata kwa gurudumu moja. Hiyo ndiyo njia ya salama kwa gari lolote, na kwa magari mengine ndiyo njia ya pekee.

Sababu yake haina uchawi. Katika gari la otomatiki mafuta ya giaboksi huzungushwa na pampu inayoendeshwa na injini. Injini ikiwa imelala na magurudumu yakaburuzwa, vyuma vya ndani huzunguka bila ya kulainishwa, vikapata moto, vikalana wenyewe kwa wenyewe. Watengenezaji wengine huruhusu masafa mafupi kwa mwendo wa pole, wengine hawaruhusu hata hatua moja, na hakimu katika jambo hili si mvutaji wala si mimi, bali ni kitabu cha gari, ambacho wengi wetu hukiacha kwenye kijidroo bila ya kukifunua. Gari linaloendesha magurudumu yote manne kwa wakati wote huharibika likinyanyuliwa ncha moja na kuburuzwa ya pili, na gari la umeme magurudumu yake yakizunguka huzalisha umeme pasipotakiwa. Kadhalika, magari mengi yana tundu katika bampa lenye kifuniko kidogo, na pete ya chuma iliyohifadhiwa pamoja na jeki, ambayo hukazwa katika tundu hilo ili kamba au ndoana ishike pahali palipokusudiwa. Mvutaji asiyeiulizia pete hiyo anakwenda kuning'iniza uzito wa gari katika pahali pasipoumbwa kuubeba.

Miaka miwili baada ya msiba wangu niliyaona haya yote yakifanywa na mtu anayeyajua. Tulikuwa tumeshuka kutoka Lushoto, gari likatufia karibu na Mombo, na safari hii nilikuwa na karatasi iliyokunjwa katika kijidroo, nayo ilikuwa na namba ya mtu wa Korogwe niliyepewa na fundi wangu wa Tanga, ambaye naye alipewa na madereva wa malori. Nilipiga simu nikitaraji kuambiwa "nakuja". Badala yake nilihojiwa kama shahidi.

"Gari la gia za mkono au otomatiki, mzee? Linavuta mbele, au magurudumu yote? Magurudumu yanazunguka, au kuna lililofunga? Ufunguo mnao? Mpo upande wa kwenda au wa kurudi? Mko wangapi, na kuna mtoto au mgonjwa?"

Kwa kweli nilianza kuudhika, kwa sababu mtu aliye njiani hutaka faraja wala hataki mtihani. Walakini kila swali lilipofuatia jingine niliona kwamba hayo ndiyo maswali yaliyokosekana siku ile ya Mkata, na kwamba lau kijana wa pikapu angaliuliza la kwanza peke yake, giaboksi yangu ingalikuwa hai. Alipomaliza, alitaja bei ya kuja, ya kupakia na ya kwenda mpaka Tanga, akasema kitu gani kingeweza kuiongeza, nacho kilikuwa kimoja tu, kama angetukuta gari limeteleza mtaroni. Akanitumia bei hiyo kwa maandishi, akanieleza angefika baada ya saa moja na nusu. Alifika baada ya saa moja na dakika arobaini, na kabla ya kutoa salamu ya pili aliomba radhi ya zile dakika kumi.

Hakuligusa gari. Alilizunguka kwa tochi, akalipiga picha pande nne, akatoa kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni, akaandika: mkwaruzo mlango wa kushoto, taa moja ya nyuma imepasuka, tairi ya akiba ipo, redio ipo, tangi nusu, na namba iliyo katika saa ya kilomita. Akanipa kalamu.

"Weka saini, mzee, na mimi niweke yangu," akasema, "ili kesho nisije nikadaiwa mkwaruzo uliofanywa na mbuzi wa Lushoto."

Kisha akalipandisha gari kwa winchi polepole, akafunga mikanda juu ya magurudumu, akalivuta handibreki, akatuweka sisi katika kebini yake, maana hakukubali mtu abaki ndani ya gari lililo juu ya jukwaa. Tulipokwenda kilomita chache alisimama pasipo kuombwa, akashuka, akaikaza upya mikanda, kwa sababu, alivyonieleza, gari likitikiswa na njia hukaa chini kidogo na mkanda uliokazwa vizuri mwanzoni hulegea. Nilimtazama katika mwanga wa taa za nyuma, mtu aliyeinama peke yake kukaza kitu ambacho hakuna aliyemwambia kuwa kimelegea, nikajua kwamba amana haina sura nyingine zaidi ya hiyo.

Kutokana na safari hizo mbili, na nyingine nilizosimuliwa na watu ninaowaamini, nimejiwekea kanuni chache, nami nazitoa kwa msomaji azipime kwa akili yake.

Ya kwanza ni kwamba mvutaji mwaminifu huuliza kabla ya kutaja bei, na hutaja bei kabla ya kugusa gari. Anayetaja bei kabla ya kuuliza anauza giza na upweke wako, wala hauzi kazi yake. Na anayefunga kwanza akasema "tutaelewana mbele" ameyatia mapatano mfukoni mwake, kwa kuwa gari likisha kuning'inia katika ndoana yake wewe huna tena cha kuzuia. Ahadi ni deni, lakini ahadi isiyotajwa kiasi chake ni deni lisilo mwisho. Uliza bei ya jumla, siyo ya kilomita peke yake. Uliza kama kuna ujira wa kungoja, wa kufungua, wa usiku. Na jibu ulilopewa kwa mdomo liombe liletwe kwa maandishi, japo kwa ujumbe mfupi wa simu.

Ya pili ni kwamba pahali pa kupeleka gari huchaguliwa na mwenye gari. Mvutaji anayesisitiza kwa fundi wake, au kwa yadi yake, huenda ni mwema anayekutakia heri, lakini aghalabu ana fungu lake katika bili utakayoletewa, nawe utalipa mara mbili, kwa mvutaji na kwa ndugu yake. Hatari ya yadi ni kubwa kuliko ya fundi, kwa kuwa yadi hutoza kwa siku, na gari lililosahauliwa wiki mbili kwa sababu mwenyewe anatafuta fedha za kulikomboa huzidi kudaiwa kila alfajiri. Kama hujui pa kulipeleka, ni afadhali lipelekwe penye mlinzi unayemjua, hata uani kwa jamaa, kuliko pahali ambapo utoaji wake una masharti usiyoyasoma.

Ya tatu ni kumhadhari mtu aliyekuja bila ya kuitwa. Simaanishi kila apitaye akasimama ni mwizi. Barabara zetu bado zina watu wanaosimama kwa ajili ya Mungu, nao hujulikana kwa kuwa hukupa maji kabla ya kukupa bei. Namsema yule anayefika katika ajali mapema kuliko jamaa na polisi, ambaye amekwisha kujua njia yako, ambaye anaharakisha kufunga kabla watu hawajakusanyika. Ajali ikiwa na majeruhi, gari lisiguswe kabla ya trafiki kufika na kuipima, isipokuwa kwa kuokoa roho ya mtu. Na gari likiondolewa kwa amri ya polisi, uliza limepelekwa kituo gani, na uandike jina na cheo cha aliyetoa amri.

Ya nne ni bima. Bima ndogo hailihamishi gari lako hata shubiri moja, maana kazi yake ni kuwafidia wengine uliowadhuru. Bima kubwa aghalabu huwa na fungu la kulitoa gari pahali pa ajali mpaka kwa fundi wa karibu, walakini fungu hilo lina kikomo, na kampuni nyingine hutaka ziarifiwe kwanza, au zimtume mvutaji wao. Mtu aliyeita wa kwake pasipo kusoma hati huja kuambiwa kwamba gharama hiyo ni yake. Isome hati yako ukiwa umekaa kitako na kahawa, kwa kuwa huwezi kuisoma kwa taa ya simu katika upepo wa malori. Nchi nyingine zina vyama vya wenye magari ambavyo mwanachama hulipa ada ya mwaka akapata msaada wa njiani. Waingereza wamekuwa na chama cha namna hiyo tangu 1905, na Wamarekani tangu 1902, na Kenya nayo inacho chama cha wenye magari. Ukiwa unaishi karibu na huduma ya namna hiyo, linganisha ada yake ya mwaka na bei ya usiku mmoja, kisha uamue.

Ya tano ni ya mjini, ambako gari huvutwa likiwa zima, kwa kosa la kuegeshwa pasipopaswa. Hapo mvutaji hakuchaguliwa nawe, na uchaguzi uliobaki ni wa kulipa kwa haki au kulipa kwa hofu. Omba kuonyeshwa kosa na kanuni iliyovunjwa, omba stakabadhi yenye namba ya malipo ya Serikali, na usimpe mtu noti mkononi kando ya ukuta. Uingereza walipoona kwamba watu binafsi wameigeuza kazi hii kuwa mtego, walitunga sheria, na tangu tarehe 1 Oktoba 2012 ni kosa katika England na Wales kulifunga mnyororo au kulivuta gari lililoegeshwa katika ardhi ya mtu binafsi bila ya mamlaka ya sheria. Sisi hatuna haja ya kungoja mpaka mtego uwe desturi ndipo tuutungie sheria.

Baki neno la subira. Kumngoja mvutaji mwema saa mbili ni kuzito kuliko kumkubali mbaya aliye mbele yako, na watu wengi hushindwa katika ngojangoja hiyo, siyo katika maarifa. Basi safiri umejitayarisha kungoja: maji, shuka la watoto, tochi, fedha kidogo zilizotengwa, na pembetatu za tahadhari, ambazo huwekwa mbali nyuma ya gari ili dereva ajaye azione kabla hajaliona gari. Desturi yetu ya kukata matawi ya miti na kuyapanga barabarani ni njema mchana, nayo imewaokoa wengi, lakini jani halimeremeti usiku. Watu wakae nje ya lami, upande wa mbali na magari, wala wasikae ndani ya gari lililokufa njiani.

Wahenga wa Kiarabu waliusia kwamba rafiki hutafutwa kabla ya njia, na watu wa pwani tumeusia vivyo hivyo tangu watoto wetu walipoanza kupanda majahazi. Mvutaji ni rafiki wa njia, tena ni rafiki wa saa mbaya. Kwa hiyo, ewe msomaji wangu, kabla hujaifunua sura ya nane, mwendee fundi unayemwamini, umuulize, "Gari lako mwenyewe likifa usiku, unamwita nani?" Jina atakalolitaja bila ya kufikiri ndilo jina unalolitaka. Mpigie simu mtu huyo leo, gari lako likiwa zima, umuulize bei zake na umsikilize kama na yeye atakuuliza kitu. Kisha andika namba yake na ya mwingine mmoja katika karatasi, uiweke karatasi hiyo ndani ya gari. Usiiweke katika simu peke yake, kwa kuwa simu nayo hufa, na aghalabu hufa siku moja na gari.